Nanunua mboga kila Jumamosi, zinaishia kuozea kwenye friji

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa msomaji wako wa kimyakimya kwa muda mrefu, leo nimeona niseme. Nina miaka 43, nina mke na watoto wawili, mmoja ana miaka minne na mwingine tisa. Kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa nzima. Mwezi uliopita kazini walitutaka tupime afya, nikaambiwa presha imeanza kupanda. Ilisoma 142 kwa 91. Daktari hakunipa dawa. Aliniambia nipunguze chumvi, nitembee, na "ule matunda na mboga za kutosha kila siku", kisha nirudi baada ya miezi mitatu. Nilipotaka kuuliza za kutosha ni kiasi gani, mgonjwa mwingine alikuwa ameshasimama mlangoni.

Basi nikaanza. Kila Jumamosi nanunua mboga na matunda, mifuko miwili inajaa. Spinachi, kabichi, karoti, brokoli, hoho, machungwa, ndizi, matufaha. Napanga kwenye friji, naona nimefanya jambo. Ikifika Alhamisi spinachi imegeuka uji mweusi chini ya mfuko, brokoli imekuwa ya njano, na pesa yangu inaingia kwenye pipa la taka. Mke wangu anasema sikumuuliza kabla ya kununua. Yeye anarudi kazini saa moja usiku amechoka, anapika kile anachojua watoto watakula. Mboga zikipikwa zinachemshwa mpaka zinapoteza rangi, na nikisema neno ananijibu, "Jiko lile pale." Juzi tumekwaruzana mbele ya watoto kwa sababu ya kabichi. Kabichi, Shangazi!

Watoto nao ni vita. Mkubwa anachambua vipande vya karoti kimoja kimoja na kuvipanga pembeni mwa sahani. Mdogo anafunga mdomo kabisa. Niliwaahidi aiskrimu wakimaliza mboga, sasa wanataka waone aiskrimu kwanza ndipo wagusie hizo mboga.

Kazini mwenzangu mmoja ameniambia nisijisumbue, ninywe glasi kubwa ya juisi asubuhi na vidonge vya vitamini, inatosha. Vidonge nimeshanunua. Mwingine anasema matunda yana sukari, nikiyazidisha nitatoka kwenye presha niingie kwenye kisukari, na kwamba tunda likiliwa baada ya chakula linaozea tumboni. Na siku nilizojikaza nikala mboga nyingi, tumbo lilijaa gesi mpaka nikaona tabu kukaa kwenye kikao.

Naomba uniambie kutosha ni kiasi gani, na kama viazi ninavyokula kila siku navyo vinahesabiwa. Na nifanyeje vyakula hivi viliwe nyumbani kwangu bila ugomvi?

Ni mimi, Baba wa Mifuko Miwili

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa hiyo presha.

Gramu nitakupa. Ila kwanza tulimalize la jikoni, maana hata nikikupa hesabu nzuri namna gani, kwa mpango wenu wa sasa mboga zitaendelea kuishia kwenye pipa.

Angalia ulivyoniandikia. Wewe unachagua, wewe unalipa, unapanga kwenye friji, kisha unangoja mtu mwingine azioshe, azimenye, azikate, azipike, tena azipike unavyopenda wewe. Presha ni yako, mboga ni chaguo lako, kazi amepewa mkeo bila kuulizwa. Mimi ningekuwa yeye ningekujibu vibaya kuliko hilo la "jiko lile pale". Mboga mbichi inadai kazi nyingi kabla haijaingia kwenye sufuria, na saa moja usiku, mtu ametoka kazini na watoto wana njaa, hakuna anayefungua mfuko wa spinachi yenye udongo aanze kuchambua jani moja moja. Anachukua kilicho rahisi. Wewe mwenyewe ungefanya hivyohivyo.

Kwa hiyo kazi yako ya Jumamosi haiishi ukifunga mlango wa friji. Ndiyo kwanza inaanza.

Ukirudi na mifuko yako, kaa jikoni saa nzima kabla hujakaa mbele ya televisheni. Anza na spinachi. Imwage mezani, toa majani yaliyolainika au kupondeka, maana jani moja bovu linaozesha yanayoligusa. Osha kiasi cha siku mbili tatu kwa maji yanayotiririka, bila sabuni, kung'uta, kisha kausha hasa kwa kitaulo safi. Tandika karatasi ya jikoni ndani ya chombo chenye mfuniko, weka majani bila kuyashindilia, funika na karatasi nyingine juu. Uji mweusi unaoukuta Alhamisi unatokana na unyevu: majani yaliyoloa yakifungiwa ndani ya plastiki, bakteria hawahitaji kingine. Karatasi ikilowa, badilisha. Ni jambo dogo sana, lakini chombo hicho kikishakuwa pale, mtu anayepika saa moja usiku anachota tu konzi mbili na kutia kwenye kikaangio, hana cha kuchambua.

Brokoli nayo kugeuka njano hakunishangazi, maana nahisi umeiweka pamoja na matufaha. Tufaha na ndizi zinapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ndiyo hiyo inayoivisha matunda, na mboga za kijani zikikaa nayo karibu zinageuka njano upesi. Tenga matufaha kwenye droo yake. Ndizi zisiingie friji kabisa, na nyanya ambazo hazijaiva vizuri ziache nje. Karoti zikija na majani yake, yakate siku hiyohiyo, kwa sababu yanaendelea kufyonza maji kutoka kwenye mzizi na karoti inalegea. Hoho na matango yaoshe siku ya kuyatumia. Yakikaa yameloa yanaota utelezi.

Halafu kuna suala la nini kiliwe lini. Majani laini yana haraka, yaliwe mpaka Jumatatu au Jumanne. Katikati ya wiki ni zamu ya brokoli, hoho na matango. Kabichi na karoti ni wavumilivu, zinaweza kukungoja mpaka wiki imalizike na hata zaidi. Sasa ninyi nadhani mnaanza na karoti kwa sababu ndizo rahisi, spinachi inafia chini. Na ukipata mboga za kugandishwa, nunua bila wasiwasi. Watu wanazidharau bure. Kiwandani hupitishwa kwenye maji ya moto kwa muda mfupi na kugandishwa mapema baada ya kuvunwa, wakati mboga mbichi inaendelea kupoteza vitamini C kila siku inayokaa kwenye friji. Mfuko wa njegere au spinachi ya kugandishwa ndio unaokuokoa siku ya Ijumaa.

Sasa kiasi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mwenye umri kuanzia miaka 10 ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Katika mwongozo wake wa mwaka 2023 likaongeza vipimo vya watoto: angalau gramu 250 kwa wa miaka 2 hadi 5, na gramu 350 kwa wa miaka 6 hadi 9. Viazi havimo. Si viazi mviringo, si viazi vitamu, si mihogo; hivyo ni wanga, vihesabu pamoja na wali na mkate. Sijasema usivile. Nimesema havikusaidii kufikia hizo 400, hata vikikaangwa mara ngapi.

Piga hesabu ya nyumba yako uone kitu. Wewe 400, mkeo 400, mkubwa 350, mdogo 250. Hiyo ni gramu 1,400 kwa siku, karibu kilo 10 kwa wiki, tena baada ya kumenya na kutoa mbegu. Mifuko yako miwili si mingi hata kidogo. Ulidhani zinaoza kwa sababu unanunua kupita kiasi, kumbe huenda hata zikiliwa zote hazitoshi. Afadhali ununue mara mbili kwa wiki, vitu vizito Jumamosi, majani na matunda laini katikati ya wiki.

Usinunue mizani. Waingereza wameigawa hiyo 400 katika sehemu tano za gramu 80, na sehemu moja unaweza kuikadiria kwa macho. Ndizi moja ni sehemu moja, chungwa moja vilevile, tufaha vilevile. Nyanya moja ya wastani ni sehemu moja. Nusu ya hoho ni sehemu moja. Mboga iliyopikwa ni vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa, isipokuwa spinachi, ambayo hunywea sana, hivyo weka vinne. Maharage na jamii yake yanaingia pia, lakini kwao yanahesabiwa sehemu moja tu kwa siku hata ukila bakuli zima, kwa sababu hayana mchanganyiko uleule wa vitamini ulio kwenye mboga nyingine na matunda.

Chukua siku ya kawaida: ndizi kabla ya kutoka nyumbani, mchana nyanya moja na kipande cha tango pembeni ya chakula, saa kumi chungwa kazini, usiku vijiko sita vya mboga. Umeshavuka tano na hujala kitu chochote cha ajabu. Ila angalia, zaidi ya nusu umeila kabla ya jua kuzama. Wewe mambo yote umeyarundika kwenye sahani ya usiku, na usiku huo ndio mmechoka na watoto wananuna. Nakushauri tunda la asubuhi na la saa kumi yasiwe jambo la kufikiria. Yawe kwenye begi la kazini pamoja na chaja ya simu. Hapo chakula cha usiku kinabaki na sehemu mbili tu za kubeba, na kabichi haitakuwa tena ya kuvunjia nyumba.

Tukija kwenye mapishi, unachokilalamikia kina ukweli, ila umekisema vibaya. Mboga ya kijani ikikaa motoni muda mrefu, asidi zilizo ndani yake zinaing'oa magnesi kwenye ile rangi ya kijani na inabaki kahawia. Kabichi na brokoli zikichemka sana zinatoa harufu ya salfa, ile harufu inayojaa nyumba nzima, na nadhani yule mtoto wako mdogo anaifungia mdomo harufu hiyo kuliko anavyoifungia kabichi yenyewe. Vitamini C na foleti zinayeyuka kwenye maji, ukimwaga maji umezimwaga. Kwa hiyo maji kidogo, mvuke, au kikaangio chenye moto mkali. Brokoli kwenye mvuke ni dakika nne au tano. Kabichi ikatwe nyembamba kabisa, mafuta yapate moto, kitunguu kianze, kisha kabichi iingie na ugeuze mfululizo mpaka ilegee lakini bado inalia chini ya jino. Toa. Kamulia ndimu kwenye sahani, si kwenye kikaangio, maana asidi ikiingia mapema rangi inaharibika.

Wala usije ukamwambia mtu kwamba kupika kunaua kila kitu. Nyanya iliyopikwa na mafuta inatoa likopini, ile rangi yake nyekundu, kwa urahisi kuliko mbichi. Rangi ya karoti, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, nayo inafyonzwa vizuri ikipikwa na kuwa na mafuta kidogo. Kama mna tanuri, kata karoti na koliflawa, paka mafuta, weka nyuzi 200 kwa dakika kama 25 mpaka kingo ziungue kidogo. Zinakuwa tamu zenyewe. Na hivyo vipande vya supu vya kuongeza ladha vitazame kwanza: vingi ni chumvi tupu, na wewe umeshaambiwa upunguze. Shirika hilohilo la Afya linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyojificha kwenye mkate na vyakula vya pakiti.

Haya yote usiende kumfundisha mkeo. Pika. Chukua siku mbili za wiki, au kama ratiba hairuhusu chukua mboga tu, yeye apike vingine. Mkeo akiionja kabichi iliyopikwa hivyo na akaipenda, atauliza mwenyewe. Asipouliza, basi kabichi ni yako. Na kabla hujaenda kununua tena, muulize anataka nini. Hilo la kutoulizwa alikwambia wazi, ukaliandika kwenye barua, ukalipita.

Watoto sasa. Aiskrimu iondoe kwenye mazungumzo leo hii. Mtoto ukimlipa ili ale kitu, anajua mara moja kwamba kitu hicho ni kibaya, vinginevyo usingemlipa. Kati ya miaka miwili na sita watoto wengi hukataa chakula wasichokizoea, ni umri, utapita, na wako mdogo yuko katikati yake. Kinachosaidia ni kukutana na chakula mara nyingi bila kulazimishwa. Tafiti za ulaji wa watoto zinaonyesha wengi wanahitaji kukionja mara 8 mpaka 15 ndipo wakubali, na wazazi wengi tunakata tamaa mara ya tatu. Weka kidogo mno, kipande kimoja au viwili, usiseme kitu, usimwangalie mdomoni. Asipokula, toa sahani kwa amani. Wewe kula zako mbele yake, kwa sababu baba anayesema mboga ni nzuri huku akila viazi vya kukaanga hasikilizwi.

Huyo mkubwa anayepanga karoti pembeni mimi nimempenda. Inawezekana kabisa hapendi karoti laini iliyochanganyika na kitu kingine. Mpe mbichi, vijiti virefu, dakika ishirini kabla ya chakula wakati njaa inamuuma na hakuna kingine mezani. Watoto wanakula vitu vingi vya kushangaza katika dakika hizo ishirini. Yeye ana miaka tisa, mpe kisu kidogo na ubao akate tango mwenyewe, wewe ukiwa pembeni. Kwa mdogo uwe na uangalifu: karoti mbichi ikatwe vijiti vyembamba sana au ikwanguliwe, na zabibu zipasuliwe kwa urefu mara nne, kwa sababu vitu vigumu na vya mviringo vinakaba watoto wa umri wake.

Huyo mwenzako wa juisi na vidonge anakupotosha, ingawa sidhani kama ana nia mbaya. Juisi safi isiyotiwa sukari inahesabiwa kama sehemu moja, nusu glasi hivi, mililita 150, na haiongezeki ukinywa jagi. Tunda likikamuliwa nyuzinyuzi nyingi zinabaki kwenye makapi, na machungwa manne ambayo usingeyala kwa mkao mmoja unayanywa kwa dakika moja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari ya juisi pamoja na sukari za kupunguza, lakini sukari iliyo ndani ya tunda zima haimo katika hesabu hiyo. Hapo nimemjibu na yule wa kisukari. Tunda zima halikupeleki huko. Hata wenye kisukari wanashauriwa kula matunda, kwa kiasi na kwa kuyagawanya katika siku. La tunda kuozea tumboni halina msingi. Tumbo lina asidi kali, hakuna kinachoozea mle. Kula baada ya chakula, kabla, katikati, utakavyo.

Kuhusu vidonge nitakueleza kisa kimoja ujue kwa nini madaktari wanarudia kusema "kula" badala ya "meza". Miaka ya nyuma iliaminika kwamba beta-karotini, ile rangi ya karoti, ndiyo inayowakinga walaji wa mboga na saratani. Ufini wakachukua wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, wengine wakapewa beta-karotini ya vidonge kwa miaka. Matokeo yalitoka mwaka 1994: saratani ya mapafu ilikuwa juu kwa asilimia 18 kwa waliomeza. Marekani utafiti unaofanana na huo ukasimamishwa kabla ya wakati mwaka 1996 kwa sababu hiyohiyo. Hao walikuwa wavutaji na dozi zilikuwa kubwa, kwa hiyo sisemi chupa yako itakudhuru. Nasema kitu kilichochomolewa kwenye karoti hakikufanya kazi ya karoti. Wapo wanaohitaji vidonge kweli, kama mwanamke anayepanga kubeba mimba na asidi ya foliki, na hao huandikiwa. Wewe hukuandikiwa.

Gesi ni nyuzinyuzi. Mwili wako haumeng'enyi nyuzinyuzi, bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozichachua, na wakiletewa mzigo mkubwa kwa ghafla wanatoa gesi. Ulitoka karibu na sifuri ukaruka mpaka sahani nzima ya kabichi na brokoli, ambazo pamoja na maharage ndizo hodari wa kujaza tumbo. Ongeza sehemu moja kila baada ya siku tatu nne, anza na karoti, hoho, spinachi na matunda, kunywa maji, na baada ya wiki chache tumbo litakuwa limezoea. Siku ya kikao muhimu, acha kabichi usiku uliotangulia. Hilo halihitaji daktari.

Je, yote haya yataigusa presha yenyewe? Yataigusa. Mwaka 1997 Marekani walitoa matokeo ya utafiti uitwao DASH. Watu 459 walipikiwa chakula kwa wiki nane, chumvi ikiwa sawa kwa makundi yote na uzito ukizuiwa usibadilike, ili chakula pekee kionekane kinafanya nini. Kwa wale waliokuwa na presha ya juu, kundi lililoongezewa matunda na mboga tu lilishuka kama alama 7 kwenye namba ya juu kuliko waliokula chakula cha kawaida. Waliopewa matunda na mboga pamoja na maziwa ya mafuta kidogo, na mafuta kwa ujumla yakapunguzwa, walishuka zaidi ya 11, na mabadiliko yalishaonekana ndani ya wiki mbili. Hao walikula sehemu nane hadi kumi kwa siku, kwa hiyo tano ni mahali pa kuanzia tu. Moja ya vinavyodhaniwa kusaidia hapo ni madini ya potasiamu, ambayo yanazisukuma figo zitoe chumvi kwenye mkojo na kulegeza kuta za mishipa.

Potasiamu hiyohiyo ina upande wa pili. Mtu ambaye figo zake zimedhoofika anaweza kushindwa kuitoa, ikajaa kwenye damu, na hilo ni hatari kwa moyo. Kama hujawahi kupimwa figo, omba upimwe utakaporudi. Na kama kuna mtu nyumbani anatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, asiongeze spinachi na kabichi ghafla bila kumwambia daktari wake, maana vitamini K iliyo kwenye majani ya kijani inapunguza nguvu ya dawa hiyo.

Miezi mitatu inatosha kuona tofauti. Usingoje kipimo cha kliniki peke yake: ukipata mashine, pima nyumbani asubuhi, ukiwa umekaa dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo, kabla ya chai, na uandike namba na tarehe. Nenda nazo. Safari hii maswali yako yaandike kwenye karatasi na uyasome hata kama mgonjwa mwingine amesimama mlangoni. Ikiwa daktari ataamua uanze dawa, usidhani mboga zimeshindwa, vyote viwili vinakwenda pamoja. Muulize tu kama dawa hiyo ni ya aina inayopandisha potasiamu, na usinunue chumvi mbadala mpaka akujibu, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.